Kuinua ukingo wa jino si kukata fizi

Gego likioza ubavuni hadi chini ya fizi, daktari hujenga ngazi ndogo ya kompositi (nyenzo ya kuzibia meno inayogandishwa kwa taa) juu ya ukingo uliozama, ili ukingo mpya utokeze mahali ambapo kofia, yaani kifuniko cha jino, itapimwa na kubandikwa pakavu. Huko ndiko kuinua ukingo. Kukata fizi na kuchonga mfupa ili jino lionekane zaidi ni upasuaji, kazi nyingine kabisa. Anayetaja kazi moja kwa jina la nyingine humfanya mgonjwa akubali asichokijua.

Jina lenyewe lina mchango wake katika mkanganyiko huu. Mwaka 1998 madaktari wa meno Dietschi na Spreafico walizungumzia kuhamisha ukingo. Mwaka 2012 Magne na Spreafico wakasema kuinua, na hilo ndilo lililoshika. Ila ukingo wa jino hauinuki. Fundi akipandisha kozi tatu za tofali, msingi haujatoka udongoni, na unyevu utaingilia kulekule chini. Hapa pia kinachoongezeka ni kiungo cha pili: kofia na kompositi hukutana juu, kompositi na jino chini. Cha chini ndicho dhaifu, kwani huko mara nyingi enameli imekwisha, imebaki dentini (tabaka la chini ya enameli) au simenti ya mzizi (ganda la asili la mzizi), na bondi, yaani gundi ya kompositi, haishiki hapo kama inavyoshika kwenye enameli.

Ndiyo maana kazi yote iko kwenye matriksi, bendi nyembamba inayozungushiwa jino ili kuizuia kompositi. Bendi iwe imepinda, ipunguzwe kimo hadi milimita 2 au 3 ili iteleze chini ya fizi na kulibana jino. Raba inayotenga jino na mate, au kipande cha fizi, kikinaswa katikati, damu itapenya na bondi haitashika. Ondoa, anza upya. Kompositi iwekwe kwa tabaka nyembamba, kila moja igandishwe kwa taa. Kisha pitisha uzi wa meno: ukichanika, kuna kompositi iliyojitokeza nje kama mdomo, na mdomo huo utahifadhi uchafu. Piga eksirei kabla ya kuchukua vipimo vya kofia.

Tafiti nyingi bado ni za maabara, kwenye meno yaliyokwisha kung'olewa. Kwa wagonjwa, ufuatiliaji mmoja wa hadi miaka 12 ulikuta takriban asilimia 96 ya kofia 197, zile zinazofunika sehemu tu ya jino, bado zinafanya kazi. Mwingine, wa miezi 12, ulikuta fizi kwenye kingo zilizoinuliwa zikitoa damu zaidi zinapopimwa. Kofia kudumu na fizi kuwa na afya ni maswali mawili, na la pili ndilo linalohitaji kazi zaidi sasa.

Juu ya mfupa, fizi hulishika jino kwa wastani wa milimita 2 hivi. Ukingo ukiingia ndani ya kipimo hicho, kompositi haifai, na hapo upasuaji ndio jibu sahihi. Kwa hiyo kwenye faili usiandike "tumeinua ukingo" peke yake. Andika kwamba kompositi imejengwa chini ya fizi na kofia imekaa juu yake, na umwonyeshe mgonjwa uzi unapaswa kufika wapi.