Jina la usichana la koko: ni jina gani hasa tunalolitafuta?

Jina la usichana ni jina alilokuwa nalo mwanamke kabla ya kuolewa. Maana hiyo inatosha kujaza fomu ya dada aliyezaliwa juzi Bukavu, mashariki mwa Kongo. Lakini ukimtafuta koko, yaani bibi yako, aliyebatizwa miaka ya 1930, wakati mji huu ukiitwa Costermansville, utakuta daftari moja ya parokia inampa jina hili, nyingine jina lile, na nyumbani wajomba wanashika la tatu. Mara nyingi wote wako sawa.

Sababu ni hii. Neno hilo limetoka kwa watu wenye jina la ukoo linalorithiwa: baba, kaka na dada wote wanalo moja, binti anaolewa na kuchukua la mume. Bushi ya wazee wetu, nchi ya Washi inayozunguka Bukavu, haikuwa hivyo. Kila mtoto alipewa jina lake mwenyewe, na ndugu sita wa tumbo moja waliweza kuwa na majina sita. Msichana aliitwa Nabintu, basi. Watu walipotaka kumtambulisha kwa heshima, walitaja baba yake na kutanguliza M': binti wa Burhula akawa M'Burhula. Alipoolewa hakulivua jina hilo. Ukweni ndilo walilomwitia, hata baada ya kuzaa na kuwa mama wa fulani.

Kwa hiyo kutafuta jina la usichana la koko ni kumtafuta baba yake. Mimi nilichelewa sana kulielewa hilo. Nilimaliza saa nyingi kwenye faharasa ya herufi N, nikimtafuta Nabintu, na walikuwepo Nabintu wengi mno, kila kijiji na wake.

Daftari za zamani za Wapadri Weupe, wamisionari Wakatoliki, ziliandikwa kwa Kilatini, na mistari yake inafanana sana. Tuseme umekuta: *Maria Nabintu, filia Burhula*. *Filia* ni binti, na jina linalofuata ni la baba. Kando ya jina la baba au mama unaweza kukuta neno *paganus* au *pagana*, maana yake hajabatizwa. Lisikuudhi, likusaidie: linakueleza kwa nini baba huyo hana ubatizo wake mwenyewe wa kumtafutia. Ukikuta *vidua*, simama hapo. Ni mjane, na huenda jina lililo mbele yako ni la mume wa kwanza aliyefariki, si la baba. Familia nyingi zimebeba jina la namna hiyo vizazi viwili bila kujua.

Tahajia nayo ina mambo yake. Padri Mbelgiji aliandika alivyosikia. Sauti ya c ya Mashi, lugha ya Washi, aliiandika ch, tch au tsh, na rh ikabaki r tupu. Cirhuza anaweza kuwa Tshiruza ukurasa mmoja na Chiruza ukurasa wa pili. Alama ya M' ilidondoka njiani, M'Burhula akawa Mburhula, au Burhula peke yake. Tafuta chini ya B, chini ya M, na chini ya jina la Kikristo pia. Kilichonifungua mimi ni shangazi. Nilimsomea orodha kwa sauti, jina baada ya jina, naye akiwa amefumba macho. Kwenye jina moja ambalo machoni mwangu halikufanana na letu hata kidogo, akasema: «Rudia hapo.» Alilitamka upya kwa Mashi, na lilikuwa la babu yake.

Sehemu yenye utajiri kuliko zote ni pembeni mwa ukurasa. Tangu amri ya *Ne Temere* ya 1907, iliyoanza kutumika Pasaka ya 1908, padri anayefungisha ndoa anatakiwa kupeleka habari kwenye parokia ya ubatizo, nayo iandikwe kando ya jina la mbatizwa. Ndiyo maana ubatizo wa koko unaweza kukuonyesha aliolewa na nani, lini na wapi. Njia hiyo inakwenda pande zote mbili: daftari ya ndoa kwa kawaida inataja mahali pa ubatizo. Koko aliyeolewa Kadutu, mjini Bukavu, huenda alibatizwa kwenye misheni ya Nyangezi au Katana, au ng'ambo ya mto Ruzizi, na huko ndiko jina la baba yake liliandikwa kwa mara ya kwanza. Waliobatizwa wakubwa walikuwa wamepita miaka 4 ya mafundisho, basi jina walilitaja kwa kinywa chao. Mimi naliamini hilo kuliko jina lililotajwa na watoto siku ya mazishi.

Ukurasa wake ukikosekana, fuata ndugu zake. Ubatizo wa mdogo wake unataja baba yuleyule. Wasimamizi wa ubatizo wa watoto wake nao mara nyingi walikuwa dada zake au shemeji. Daftari mbili zikigongana, usichague kwa kupenda sauti ya jina. Andika yote mawili, kila moja na mwaka wake na parokia yake.

Na kama daftari imeungua au imeporwa vitani? Sheria ya Kanisa ya 1917, kanuni ya 470, iliwataka maparoko wapeleke nakala ya vitabu vyao kwa askofu kila mwisho wa mwaka, kwa hiyo inafaa kuuliza jimboni. Jua tu kwamba nakala ya mwaka ule haiwezi kuwa na maandishi ya pembeni yaliyoongezwa baadaye. Ubatizo utaupata humo, ndoa utaitafuta upya katika daftari ya ndoa yenyewe.