Grupu ya Mtaa: Pa Kuanzia kwa Mgeni wa Mitandao ya Kijamii

Anayenunua simu ya kisasa kwa mara ya kwanza huuliza karibu kila mara swali lilelile: nianze na mtandao upi? Kijana wa nyumbani atamwambia TikTok, mtoto aliye ng'ambo atamwambia Facebook, na muuza simu atamwekea yote kabla hajatoka dukani. Sisi tunaofundisha watu wazima matumizi ya simu kwenye maktaba ya umma tuna jibu moja: anzia pale ambapo majirani zako tayari wanazungumza. Hapa Kenya, mara nyingi hapo ni WhatsApp. Kuna grupu ya ploti, ya wazazi wa darasa, ya chama, ya kanisa au msikiti, ya Nyumba Kumi. Humo ndimo utajua maji yatakatwa lini, nani amefiwa, transfoma imelipuka upande gani na kama daktari wa mifugo amefika sokoni.

Faida kubwa ya kuanzia hapo ni kwamba wengi wa wanaosema unawajua. Ukiletewa habari ya ajabu, kuna wa kumpigia simu. Ukiandika vibaya, utasahihishwa na mtu mtakayekutana naye kesho kwenye duka la unga, kwa hiyo atachunga ulimi. Aliyeanzia kwenye mitandao mikubwa hukutana kwanza na watu asiowajua wakitukanana, na wengi huifuta programu wiki hiyohiyo wakiamini kwamba mitandao yote ndivyo ilivyo.

Kabla ya kuomba kuingizwa, tenga nusu saa na simu yako. Jina liwe lile ambalo mtaa unakujua nalo. Admini, yaani msimamizi wa grupu, akiona ombi la "Mama Wanjiru wa duka la kona" anajua ni nani. Akiona "Malkia Mbarikiwa" na picha ya waridi, hawezi kutofautisha mpangaji mpya na tapeli. Kisha fungua mipangilio, uende kwenye faragha, utafute sehemu ya magrupu. Usipoibadilisha, mtu yeyote mwenye nambari yako anaweza kukuingiza kwenye grupu lolote, na wote waliomo wataiona nambari hiyo. Weka kwamba ni watu uliohifadhi tu wanaoruhusiwa. WhatsApp na Facebook zote zina menyu za Kiswahili. Kiswahili chenyewe kina vituko vyake hapa na pale, lakini kinasomeka, na kwa mzee asiyependa Kiingereza ni nafuu kubwa.

Jambo la pili ni bando. Grupu moja la watu wachangamfu linaweza kumaliza data yako ya siku kabla ya saa nne asubuhi kwa video za mahubiri na vichekesho. Kwenye mipangilio, sehemu ya hifadhi na data, zima upakuaji wa moja kwa moja wa picha, sauti na video. Baada ya hapo utaona kivuli cha picha, na wewe ndiye utakayeamua kama inafaa kufunguliwa. Tumeona watu wakiacha mitandao kabisa kwa sababu ya jambo hili moja dogo, wakidhani simu yao "inakula" data yenyewe.

Ukishaingia, jitambulishe kwa mstari mmoja, kisha kaa usome. Siku chache zitakuonyesha nani hutoa habari za kuaminika, nani hujibu, mambo gani hukubaliwa na saa ngapi watu hulala. Magrupu mengi yana kanuni ambazo admini amezibandika kwenye maelezo ya grupu, juu kabisa ukigusa jina lake. Zisome. Pale penye kanuni ya "hakuna siasa, hakuna matangazo ya biashara", mgeni anayeanza kwa kuuza mafuta ya nywele hutolewa mchana huohuo.

Sasa tuje kwenye kuandika, maana hapa ndipo wengi hukwama. Mfano bora ninaoujua ulitoka kwa chifu. Francis Kariuki alikuwa chifu wa Lanet Umoja, karibu na mji wa Nakuru, na mapema mwaka 2012 habari zake zilivuma duniani kwa jinsi alivyotumia Twitter kuendesha shughuli za lokesheni yake. Wakati huo Twitter ilikubali mtu kufuata akaunti kwa SMS, kwa hiyo hata mwenye simu ya kawaida, isiyo na intaneti, aliupata ujumbe wa chifu. Waliomfuata rasmi walikuwa mia chache, lakini ujumbe uliposhuka, aliyeupata alimwambia jirani, na jirani akamwambia jirani.

Kulikuwa na usiku ambao chifu alipigiwa simu saa kumi alfajiri kwamba wezi wamevamia nyumba ya mwalimu. Akaandika ujumbe. Katika dakika chache watu wakajaa nje ya nyumba ile, wezi wakatimka. Siku nyingine kondoo akapotea. Chifu hakuandika "jamani kondoo kapotea, tusaidiane." Alisema kondoo ni wa rangi ya kahawia na nyeupe, ana kamba ya nailoni shingoni, akataja na mwenyewe ni nani. Kondoo akapatikana. Kuna ng'ombe pia aliyeibwa, chifu akatangaza, na baadaye akakutwa ametelekezwa, amefungwa kwenye mlingoti. Kariuki alisema kwamba hata wezi wa kijiji walikuwa wanamfuata.

Tazama ujumbe ule wa kondoo kwa makini. Rangi, kamba, mwenyewe. Mtu anayechota maji mtoni akimwona kondoo mwenye kamba ya nailoni anajua ndiye huyo, na anajua ampeleke kwa nani. Linganisha na ujumbe unaozunguka kwenye magrupu yetu kila mwezi: "TAHADHARI!!! Kuna genge linazunguka na gari jeupe, limeshaiba watoto watatu, sambaza kwa unaowapenda." Gari jeupe lipi? Mtaa upi? Leo au mwaka juzi? Nani aliona? Ujumbe huo haumwambii mtu afanye lolote ila aogope na asambaze. Kwa hiyo unapotaka kuandika jambo la mtaa, jibu kwanza: ni wapi, ni lini, nimeona mwenyewe au nimeambiwa, na msomaji afanye nini. "Nguzo ya umeme imeanguka kwenye njia ya kwenda zahanati, nyuma ya posho mill, sasa hivi saa moja jioni. Nimeiona. Msipitishe watoto huko, nimeshapiga simu ya dharura ya kampuni ya umeme." Mwandishi wa maneno hayo hahitaji wafuasi elfu kumi.

Ukikosea neno, WhatsApp inakuruhusu kurekebisha ujumbe ndani ya dakika 15, na kuufuta kwa wote ndani ya muda wa siku mbili na kidogo. Habari ikigeuka, mathalani mtoto aliyetangazwa amepotea amepatikana, andika hivyo kwa maneno mapya na uufute ule wa kwanza. Matangazo ya watoto waliopatikana zamani huendelea kuzunguka kwa miaka, na familia huendelea kupigiwa simu.

Kuhusu ujumbe wa kusambazwa, kampuni ya WhatsApp yenyewe imeshaonyesha ulivyo hatari. Mwaka 2018 huko India watu waliuawa na makundi ya raia baada ya uvumi wa watekaji watoto kuenea kwa WhatsApp. Kampuni ikapunguza idadi ya mazungumzo ambayo ujumbe unaweza kusambazwa kwa mkupuo hadi matano, kwanza India, halafu Januari 2019 dunia nzima. Aprili 2020, wakati wa korona, ikaongeza kanuni nyingine: ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi unasambazwa kwa zungumzo moja tu kwa wakati. Utautambua kwa mishale miwili juu yake. Mishale miwili haina maana kwamba habari ni ya uongo. Ina maana kwamba aliyekutumia siye aliyeandika, na wala aliyemtumia yeye siye, na huenda hakuna hata mmoja katika mnyororo huo aliyemjua mwandishi. Picha ya mtu anayeshukiwa wizi ikifika na mishale hiyo, iishie kwako. Kama kweli kuna jambo, kuna kituo cha polisi na kuna chifu. Mtaani kwetu sote tunajua kinachoweza kumpata mtu aliyepigiwa kelele ya mwizi kabla hajaulizwa jina.

Siasa nayo ina sheria yake. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 inahesabu maneno ya kuchochea chuki ya kikabila kuwa kosa, kwa faini isiyozidi shilingi milioni moja, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Grupu la watu 30 wanaojuana hujisikia kama sebule, na ndiyo maana watu hujisahau humo. Lakini kila mmoja wa hao 30 anaweza kuupiga picha ujumbe wako na kuutoa nje, jina na nambari vikionekana.

Kuna jambo moja la nia njema ambalo hufanywa vibaya kila siku. Mtu ameokota kitambulisho stejini. Anakipiga picha pande zote mbili, anakituma kwenye grupu: "Mwenyewe apatikane." Sasa jina kamili, nambari ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa na sahihi ya mtu huyo vimo kwenye simu za watu wasiojulikana, na vikisambazwa mara mbili vitakuwa mji mzima. Kwa tapeli wa laini za simu, hiyo ni zawadi. Andika jina tu, useme kimeokotwa wapi, na ukipeleke kwa chifu au kituo cha polisi, uwataarifu watu kwamba kinapatikana huko. Ukilazimika kutuma picha, funika nambari kwa kidole unapopiga. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu mwaka 2019 na ofisi ya Kamishna inayoisimamia, lakini kidole chako hufanya kazi haraka zaidi. Hali kadhalika picha za watoto wa shule wakiwa na sare na jina la shule kifuani: uliza wazazi kwanza.

Utapeli wa kawaida zaidi kwa wageni ni wa tarakimu sita. Unapata ujumbe kutoka nambari ya mtu unayemjua: "Shikamoo mama, nimekutumia namba kimakosa kwa SMS, nisomee." Namba hiyo ndiyo ufunguo wa WhatsApp yako. Ukiisoma, akaunti inahamia kwenye simu yake, na dakika chache baadaye grupu lako la chama linaombwa pesa kwa jina lako. Aliyekuandikia naye amekwisha kuibiwa, ndiyo maana nambari uliitambua. Usimsomee mtu yeyote, hata mwanao. Kwenye mipangilio ya akaunti washa uthibitishaji wa hatua mbili, uchague PIN ya tarakimu sita unayoikumbuka, isiwe tarehe yako ya kuzaliwa. Na kila ombi la pesa, la matanga au la hospitali, lianze na kupiga simu ya sauti kwa mhusika au kwa mtu wa familia yake. Hakuna mfiwa wa kweli atakayeudhika kwa kupigiwa simu ya pole.

Ukishazoea grupu la mtaa, mitandao mingine haitakutisha. Facebook inafaa kwa magrupu ya mji mzima na ya kilimo au ufugaji. Tafuta yenye maswali ya kujibu kabla ya kuingia, kwa sababu kuwepo kwa maswali kunaonyesha kuna mtu anayesimamia. TikTok na Instagram unaweza kutazama kwa muda mrefu bila kuposti chochote, na hakuna atakayekulaumu. Kaunti, shule na hospitali nyingi zina kurasa zao, na matangazo ya ajira au chanjo huonekana huko mapema. Angalia tu kama ukurasa ni wa kweli: una machapisho ya zamani, au ulifunguliwa wiki jana na una tangazo moja la ajira linalodai ada?

Na grupu likikuchosha, toka. Wapo wanaokaa kwenye grupu la matusi mwaka mzima kwa kuogopa kuonekana wamemdharau aliyewaingiza. Tangu mwaka 2022, ukitoka kwenye grupu la WhatsApp hatangaziwi kila mtu. Wanaopewa taarifa ni maadmini tu, ingawa jina lako litabaki kwenye orodha ya waliotoka kwa siku 60. Ukiona uzito hata hapo, nyamazisha arifa zake na uliweke kwenye kumbukumbu, kisha ulifungue siku ambayo kuna msiba au mkutano wa maji.