Vimbao vya chini ya meza ya seremala, na maneno ya watu kuhusu mapambo ya Krismasi

Ukiingia karakana yoyote ya seremala hapa Moshi wiki ya pili ya Desemba, fundi hana muda na wewe. Kila mwenye kwao Kibosho, Marangu au Rombo anataka kitanda au mlango wake uishe kabla ndugu hawajapanda kutoka Dar. Mimi ndiyo wiki ninayokwenda na kiroba. Chini ya meza ya randa panakuwa na lundo la vipande vya paina, saiprasi na grevilea, na fundi anafurahi kumpata wa kuvizoa. Ila kabla sijafika nyumbani ninakuwa nimeshaambiwa mambo manne matano kuhusu hivyo vimbao, mengi hayana ukweli, na baadhi kaniambia fundi mwenyewe.

La kwanza ni kwamba hivyo ni kuni tu, kwa sababu ni vifupi. Sasa pambo la Krismasi linataka urefu gani? Chukua vipande vitano vyembamba vyenye urefu sawa, tuseme sentimita 30 kila kimoja. Vipange sakafuni kama mtoto anavyochora nyota bila kuinua kalamu, kimoja juu ya mwenzake, kingine chini. Ncha zote tano zikikutana, visogeze mpaka nafasi kati ya ncha na ncha jirani yake zilingane; hapo kila pembe imekaa kwenye nyuzi 36, hujagusa rula. Msumari mmoja mdogo kila ncha na kila vipande vinapopishana, basi. Nyota hiyo ukiitundika barazani, jirani atakuuliza umenunua wapi.

La pili: “Mbao laini haishiki msumari, inapasuka. Tafuta mninga.” Hapo mambo yamegeuzwa. Mninga ni mbao ya heshima, lakini ukigonga msumari karibu na ukingo wake bila kutoboa kwa keekee kwanza, nao unaweza kupasuka. Paina inasamehe. Na hata paina ikikugomea kuna ujanja wa zamani wa maseremala: geuza msumari, kichwa kikae juu ya jiwe, ncha uigonge kwa nyundo mara moja mpaka iwe butu. Ncha kali hupenya kati ya nyuzi za mbao na kuzitenganisha kama kabari. Ncha butu huzivunja na kujipitishia njia. Watu wengi hawaamini mpaka wagonge misumari miwili kwenye kipande kimoja, mmoja mkali na mmoja butu, wakaona.

Hili linalofuata limenigharimu. Wengi husema kata tawi bichi vipande vya duara, vianike juani, vipake rangi, tundika. Mwaka wangu wa kwanza nilikata duara 20 za grevilea Jumamosi, nikazipanga juu ya bati. Jumanne 14 zilikuwa na ufa, kila moja imekatika kutoka ganda hadi kwenye kiini kama keki iliyomegwa. Nikadhani nimepata mti mbovu. Kumbe mti hauna kosa. Mbao ikikauka hunywea, na hainywei sawa pande zote. Kwa urefu wa shina hunywea kidogo mno. Kuzunguka duara hunywea karibu mara mbili ya inavyonywea kutoka ganda kwenda kiini. Duara inataka kujifunga, haiwezi, inachanika. Jua la juu ya bati linaharakisha tu. Siku hizi tawi nalikata Agosti, naliacha zima na ganda lake kivulini, ncha zake mbili nimezipaka nta ya mshumaa ili maji yasitoke kwa pupa upande huo. Desemba ndipo nakata. Bado mbili tatu zinapasuka. Hizo nazitoboa matundu pande zote za ufa na kuzishona kwa uzi mwekundu, na kusema kweli ndizo watu wanazoziomba.

Kuhusu paleti, vile vichanja vya mbao vya kupangia mizigo, nimesikia pande mbili, na zote zimezidisha. Wapo wasemao zote zina sumu, wapo wasemao mbao ni mbao. Paleti ya biashara ya kimataifa ina muhuri wenye alama ya suke la ngano, herufi mbili za nchi ilikotoka, na herufi nyingine zinazoeleza ilivyotibiwa dhidi ya wadudu. HT maana yake ilitiwa joto mpaka kiini cha mbao kikafika nyuzi 56 za selsiasi kwa angalau dakika 30; hakuna dawa hapo. MB ni gesi ya methili bromaidi, hiyo iache. Lakini muhuri hausemi paleti ilibeba nini baadaye. Huku kwetu kuna mashamba ya maua na mboga, na paleti iliyobeba viuatilifu inaweza kuwa na doa au harufu. Ukiona doa usilolielewa, usiipeleke kwenye meza ambayo watoto watakaa wakipaka rangi.

Kipande ninachokikataa bila mjadala ni salio la nguzo ya umeme au ya fensi. Watu huvutiwa nalo kwa kuwa ni gumu na halibunguliwi. Halibunguliwi kwa sababu mara nyingi limetiwa dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki. Rangi yake ya kijani hufifia kwa jua na mvua, kwa hiyo kutoliona kijani si ushahidi. Usilikate, usilipige msasa, wala usilichome jikoni, maana aseniki inabaki kwenye moshi na majivu. Mlango wa zamani wenye rangi inayobanduka nao uwe mbali na msasa. Rangi za zamani nyingi zilikuwa na risasi. Na vumbi la mbao hata iliyo safi si la kuvuta ukipiga msasa chumbani. Funga kitambaa au barakoa, fanyia nje.

Rangi haifunikii kila kitu, hasa vifundo vya paina: utomvu utatokeza hata kwenye rangi nyeupe nzuri. Kata kipande kwa namna kifundo kibaki nje, hadithi imeisha.

Halafu kuna dharau kwamba mapambo ya mbao ni ya asiye na hela ya kununua ya plastiki. Katika milima ya Erzgebirge, jimbo la Saxony huko Ujerumani, familia za wachimba madini ziligeukia kuchonga mbao migodi ilipopungua, na leo malaika na askari wao wa mbao wa Krismasi huuzwa ghali. Jimbo hilo si geni kwetu: Leipzig nayo iko Saxony, na wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893.

La mwisho ni langu mwenyewe. Niliamini jani lolote la kijani linafaa kupambia fremu ya mbao ya mlangoni. Nikazungushia isale, majani marefu, yanang'aa, hayanyauki upesi. Mama akashuka kutoka kijijini siku ya mkesha, akasimama mbele ya mlango na mkungu wake wa ndizi kichwani, hakupiga hodi.

“Mmemkosea nani?” akauliza.

Isale kwetu Uchagani ni jani la kuombea msamaha, na la kuwekea mpaka. Nilikuwa nimelifunga mlangoni na utepe wa dhahabu kutoka soko la mitumba la Memorial. Nilifungua misumari minne huku amesimama hapo hapo, nikaweka matawi ya saiprasi. Ndipo akaingia.