Je, wajua kingamwili za mama humfikiaje mtoto tumboni?

Mtoto mchanga huzaliwa na kinga dhidi ya magonjwa ambayo hajawahi hata kuyanusa. Kinga hiyo ameazima kwa mama yake: ni kingamwili, protini za damu zinazopambana na vijidudu, za aina ya IgG, zilizovuka kondo la nyuma kabla hajazaliwa. Zimevukaje?

Jibu langu la zamani lilikuwa jepesi: kondo ni chujio. Vidogo vinapita, vikubwa vinakwama. Nilijiona nina ushahidi pia, maana IgM, aina nyingine ya kingamwili, yenye uzito karibu mara sita ya IgG, haivuki.

Kilichoniumbua ni aina ya tatu, IgA. Ile inayozunguka katika damu huwa na uzito wa daltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) 160,000 hivi, na IgG 150,000. Ni kama pacha kwa ukubwa, lakini IgA haivuki ila kwa uchache mno. Chujio gani hilo lenye macho makali kiasi hicho?

Pigo la pili lilikuwa kubwa zaidi. Mimba ikitimia miezi yake, damu ya mtoto kwa kawaida huwa na IgG nyingi kuliko ya mama mwenyewe. Kitu kinachojipenyeza hutoka penye wingi kwenda penye uchache, na pande mbili zikilingana, kinatulia. Hakizidi hapo. Ukikuta maji juu ya kilima, ujue kuna aliyeyachota akayapandisha.

Mchotaji mwenyewe ni ukuta wa kondo. Damu ya mama na ya mtoto hazichanganyiki, ukiacha matone machache yanayovuja. Kati yake kuna sinsitiotrofoblasti, jina refu la kitu cha ajabu: seli nyingi zilizoungana zikawa seli moja kubwa mno, yenye viini visivyohesabika na isiyo na mwanya hata mmoja wa kupenya.

Uso wake unaoelekea damu ya mama hubonyea na kuteka matone ya majimaji ya damu, kama mtu anayechota kwa mkono bila kutazama. Hapo hakuna kuchagua: IgG, IgA na protini nyingine zote zimo. Kila tone hufungiwa ndani ya kifuko kidogo, kisha seli hukitia asidi kifuko hicho, pH, kipimo ambacho hushuka uchachu unapopanda, ikitoka 7.4 hadi kama 6.

Uchachu huo ndio siri yenyewe. Kwenye kuta za kifuko kuna vipokezi viitwavyo FcRn. Chukulia kila kimoja ni kiganja. Penye pH ya kawaida ya damu kiganja kimelegea, IgG inapita mbele yake na hakiijali. Uchachu ukipanda, kinafumba na kuikamata IgG kwenye mkia wake. IgA haina mkia wa namna hiyo, kwa hiyo huachwa pamoja na visivyokamatwa, na vingi vya hivyo huishia kusagwa. IgG zilizokamatwa husafirishwa hadi upande wa pili. Kifuko kikifunguka, pH hurudi 7.4, kiganja hulegea, na IgG iko huru. Jinsi inavyovuka kuta za mishipa ya mtoto baada ya hapo bado watafiti wanabishana.

Kipokezi hicho kilibashiriwa kabla ya kuonekana. Mwanazuolojia Brambell, aliyefanya kazi Wales na kuchunguza sungura, alisema katika miaka ya 1960 kwamba lazima kiwepo, tena kwamba ndicho kinachoziokoa IgG zisisagwe hata ndani ya mwili wa mtu mzima. Alipatia yote mawili.

Kiganja hakisomi kingamwili imetumwa kupigana na nani. Ya pepopunda inavushwa, na ile inayoshambulia chembe nyekundu za damu za mtoto mwenye kundi la damu la Rh tofauti na la mama nayo inavushwa kwa heshima ileile.

Safari huanza karibu wiki ya 13, lakini mzigo mkubwa huvuka wiki nne za mwisho, ndiyo maana njiti huzaliwa na akiba pungufu. Baada ya kuzaliwa hakuna nyongeza kwa njia hii, na karibu nusu ya akiba hupotea kila wiki tatu hivi. Chanjo ya surua husubiri hadi miezi 9 au 12 kwa sababu hiyo: ikitolewa mapema mno, kingamwili za mama zilizobaki huweza kuvidaka virusi vya chanjo kabla mwili wa mtoto haujapata kuvijua.