Ucheleweshaji wa kerneli: kwa nini utazame namba ya Max

Programu ikiiomba kerneli, yaani sehemu kuu ya mfumo endeshi wa Linux, iiamshe baada ya milisekunde 1, haiamki papo hapo muda huo ukifika. Kuna muda unaopita kati ya saa iliyoombwa na saa inapoanza kazi kwelikweli. Muda huo ndio ucheleweshaji, nao hupimwa kwa mikrosekunde.

Anayerekodi muziki nyumbani huutambua kwa masikio. Sauti ikienda kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, na kila fungu likiwa na sampuli 64, kompyuta ina milisekunde 1.33 tu ya kuandaa fungu linalofuata. Ikichelewa, spika zinakwaruza na rekodi imeharibika.

Kipimo kinachotumika zaidi ni cyclictest, programu iliyomo katika kifurushi cha rt-tests. Inalala, inaamka, inatazama saa, inaandika imechelewa kiasi gani, kisha inalala tena:

sudo cyclictest -m -S -p 90 -i 1000 -d 0

Hapo kila kiini cha prosesa kinapewa uzi wake (mkondo wa kazi ndani ya programu) wenye kipaumbele cha 90, unaoamka kila baada ya mikrosekunde 1,000.

Utaona Min (ucheleweshaji mdogo kabisa), Act (wa sasa hivi), Avg (wastani) na Max (mkubwa kabisa), vyote kwa mikrosekunde. Wengi hufurahia Avg, na hapo ndipo wanapokosea. Wastani ukiwa 5 lakini mara moja tu ikafika 3,000, hiyo mara moja ndiyo itakayosikika kwenye rekodi. Shika Max. Tena usipime kompyuta ikiwa imetulia: endesha hackbench au stress-ng, programu za kuibebesha kompyuta mzigo, nakili mafaili makubwa, fungua kivinjari, uiache kwa saa kadhaa. Dakika mbili hazitoshi, kwa sababu unachokitafuta hutokea kwa nadra.

Max ikiwa kubwa, wengi hukimbilia PREEMPT_RT, mpangilio wa kerneli unaoruhusu kazi ya haraka kukatiza nyingine, uliokaa miaka mingi kama viraka (marekebisho ya msimbo) vya pembeni hadi ukaingizwa kwenye kerneli kuu, toleo la 6.12, mwaka 2024. Hauongezi kasi ya kompyuta, wakati mwingine hata huipunguza kidogo. Unachofanya ni kushusha kile kilele cha ucheleweshaji.

Ila kabla ya kubadili kerneli, endesha hwlatdetect, programu inayotafuta ucheleweshaji unaotoka kwenye mashine yenyewe. Programu ya ndani ya ubao mama (BIOS) inaweza kuiteka prosesa kwa muda bila Linux kujua, na ucheleweshaji wa aina hiyo hauondolewi na kerneli yoyote. Tafuta mipangilio ya BIOS au toleo jipya la BIOS; ikishindikana, badilisha ubao.