Kunguru wa Dar: jina la zamani, ndege mgeni

Simama soko la samaki la Feri asubuhi, uliza wale ndege wanaogombea matumbo ya samaki ni ndege gani. Hata mtoto mdogo atakujibu: kunguru. Amejibu sawa. Lakini wakazi wengi wa Dar es Salaam wanaamini kwamba jina hilo ni la huyo mmoja tu, na kwamba tumekuwa naye tangu enzi za mababu. Si kweli.

Kunguru wa Feri, mweusi mwenye shingo ya kijivu, kwao ni Asia ya Kusini. Aliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890, wakati Waingereza wameshika utawala, ili ale taka za mji. Akazaliana, akavuka hadi pwani ya bara. Jina alilikuta. Askofu Edward Steere, aliyekusanya maneno ya Kiswahili kule Unguja, alitoa kitabu chake mara ya kwanza mwaka 1870, na humo kunguru ni ndege mweusi mwenye baka jeupe mabegani na shingoni. Huyo ndiye kunguru wetu wa asili: mkubwa kuliko mgeni, kifua cheupe kama aliyevaa kizibao. Ukitoka mjini kuelekea Morogoro utamwona bado. Inaniuma sana mtu anapomrushia jiwe kwa makosa ya yule mwingine, kisa wanaitwa jina moja. Afadhali tuseme "kunguru weusi" tunapowalalamikia wageni.

Maana malalamiko yenyewe ni ya haki. Wapo wanaosema kunguru weusi wanatusafishia mji. Uchafu wanakula, ndiyo, ila mfuko wa taka ukiachwa nje Sinza, wao ndio wanaoupasua na kuumwaga barabarani. Wanakula pia mayai na makinda ya ndege wadogo, na mfugaji wa Mbagala hathubutu kuacha vifaranga bila kuwafunika kwa tenga. Wengine hudhani wakifukuzwa mjini watahamia porini. Ndege huyu haishi mbali na watu. Anafuata mabaki yetu. Mitego na sumu vimeshatumika hapa Dar, lakini taka zikibaki wazi, chakula chake kipo pale pale.

Kwenye misemo nako kuna mkanganyiko. "Kunguru hafugiki" hurushiwa mume au mke asiyetulia nyumbani, na kwa maana hiyo msemo una nguvu yake. Kumhusu ndege mwenyewe si sahihi: kinda la kunguru likilelewa kwa mkono humzoea mtu vizuri.

Methali inayoonewa zaidi ni "Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake." Wengi wakisikia "mwoga" wanadhani ni kashfa. Kijana akikataa kupanda bodaboda usiku kwa sababu dereva amelewa, wenzake wanamcheka kwa methali hiyo hiyo. Wameigeuza. Kukimbiza ubawa hapa ni kuuokoa: kunguru anayewahi kuondoka jiwe halimpati, na kesho anaruka. Methali hiyo ilimfaa mama wa kijana, aitamke kwa kumsifu mwanawe aliyerudi nyumbani kwa miguu, mzima.