Shule ya Steiner si shule ya kucheza tu, jamani

"Mwalimu, si ndizo zile shule ambazo watoto hawafundishwi kusoma?"

Hapana. Nimelijibu swali hili kwenye vikao vya wazazi, kwenye magrupu ya WhatsApp, na juzi kwenye foleni ya benki. Naliandika hapa ili nikiulizwa tena nitume linki nikapumzike.

Kusoma kunafundishwa. Tofauti ni lini. Rudolf Steiner, mwanafalsafa wa Austria ambaye shule yake ya kwanza ilifunguliwa Stuttgart mwaka 1919 kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi wa kiwanda cha sigara, aligawa utoto katika vipindi vya miaka saba saba. Kwa hesabu yake, mtoto wa chini ya saba hujifunza kwa kuiga na kwa mwili wake: kukata mboga, kufinyanga, kusikiliza hadithi ileile wiki nzima. Herufi zinaanza darasa la kwanza. Mwalimu anasimulia hadithi, anachora mlima wenye vilele viwili, kesho yake M inatoka kwenye mlima huo. S inatoka kwa swila aliyejipinda. Mtoto anaichora kwa kalamu ya nta, anaitembea sakafuni, ndipo anaiandika kwenye daftari lake, na daftari hilo ndilo kitabu chake cha kiada. Somo kuu huchukua karibu saa mbili kila asubuhi, wiki tatu au nne mfululizo, kisha linapisha jingine. Televisheni na simu hawazitaki. Kufuma na bustani ndiyo, hata kwa wavulana, na sisi tuliobeba ndoo za samadi kwa jina la Elimu ya Kujitegemea hatuna haki ya kushangaa.

Haya, wengine wanasema mtoto "atabaki nyuma". New Zealand waliwalinganisha watoto wa shule hizi, walioanza kusoma wakiwa na miaka saba, na wenzao walioanza na mitano. Matokeo yalichapishwa 2013: kufikia mwisho wa shule ya msingi, waliochelewa walikuwa wameshawafikia wenzao. Watetezi wa Steiner wanautembeza utafiti huo kila mahali. Mimi naupokea nusu. Mzazi anayeitafuta shule ya aina hii mara nyingi ana rafu ya vitabu sebuleni, na rafu ile inafundisha hata shule ikilala. Unaweza kujaribu kulitoa hilo kwenye hesabu, lakini halitoki lote.

Tena watoto wale walikuwa wanasoma Kiingereza, lugha ambayo tahajia yake ni ugomvi. Kiswahili ni ba be bi bo bu. Mtoto akizishika silabi anasoma chochote, hata asichokielewa. Kwa hiyo anayesoma kwa Kiswahili hana sababu ya kuharakishwa akiwa na miaka minne, na wala sioni kinachompotea akianza na saba. Ila hapohapo ndipo hadithi ya mlima na swila inaponitia shaka: imebuniwa kwa lugha zinazofundishwa herufi moja moja, nasi tunafundisha silabi. Nimeona walimu wakiirekebisha vizuri, nimeona na wengine wakiikariri kama ilivyotoka Ujerumani.

Sasa nifike kwenye kinachonikera kwelikweli. Mzazi anampeleka mtoto chekechea ya Steiner miaka mitatu. Anafurahi, mtoto anaimba, anajifunga kamba za viatu mwenyewe, halii asubuhi. Kisha shangazi mtu anakuja Jumapili, anamwita mtoto, "Hebu nisomee hapa," mtoto anamtazama tu. Jumatatu anatafutiwa shule nyingine. Huko kuna intavyuu ya darasa la kwanza: aya fupi, tena ya Kiingereza, hesabu za kutoa, jina kamili kwa mwandiko unaosomeka. Mtoto aliyeandaliwa kuanza herufi mwaka unaofuata anakaa na karatasi tupu. Anaambiwa ni mzito, arudie mwaka. Halafu mama anakuja kwangu kuniambia Steiner imemharibia mwanawe!

Huo ni kung'oa muhogo wa miezi mitatu na kulalamika kwamba hauna kiazi. Mfumo huu unaweka kila kitu mwishoni. Ukimtoa mtoto kabla ya darasa la tatu au la nne, umelipia sehemu ya polepole yote na umeondoka kabla ya ile inayofidia. Anayebaki, kama shule inafuata mtaala wa taifa, atakutana na upimaji wa NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, darasa la nne, na NECTA haiulizi kama M ilitoka mlimani.

Shaka zangu kubwa ziko kwingine. Desturi ni mwalimu mmoja kwenda na darasa lake hadi miaka minane. Akiwa mzuri, ni bahati ya maisha. Akiwa dhaifu wa hisabati, darasa zima litakuwa dhaifu wa hisabati, na sijawahi kupewa jibu lililonituliza juu ya hilo. Halafu Steiner mwenyewe: alifundisha mambo ya karma na roho kurudi duniani, na kuhusu rangi za watu alisema maneno ambayo Mwafrika hawezi kuyasoma akatulia. Shirikisho la shule hizo Ujerumani lilitoa tamko la kupinga ubaguzi mwaka 2007. Sawa, ila wewe muulize mwalimu mkuu wa hapa ulipo analisemaje, na umtazame usoni anapojibu.

Uliza pia hadithi. Kwa utaratibu wa kawaida darasa la nne ni miungu ya watu wa Skandinavia. Mtoto wa Mbagala anamjua Thor kabla ya Fumo Liyongo? Shule iliyofikiri vizuri imeshabadilisha hilo zamani, na madaftari ya watoto yatakuonyesha. Omba kuyaona ya darasa la tano, si ya chekechea. Ya chekechea yanapendeza kila mahali.

Na kabla ya yote piga hesabu ya ada ya miaka saba, pamoja na mafuta ya gari au basi la shule. Kama inaishia darasa la pili, usianze. Tafuta chekechea ya mtaani yenye uwanja na mwalimu asiye na fimbo, na pesa inayobaki mnunulie mtoto vitabu vya hadithi.